Nyumba za Shifaa: Sanaa ya Dini na Tiba ya Wagonjwa katika Dola za Kale za Kiislamu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mponyaji wa viumbe vyake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Katika mji wa Divriği, ulioko katika milima ya Anatolia nchini Uturuki, uko msikiti wa mawe uliojengwa katika mwaka wa 626 Hijriya, yaani 1228 hadi 1229 Miladia. Mgeni aujiaye kwa mara ya kwanza hustaajabia nakshi za milango yake. Lakini lililo la ajabu zaidi halimdhihirikii mpaka auzunguke upande wa kusini. Huko, katika jengo lile lile, iko hospitali. Ukuta wa Kibla wa msikiti ndio ukuta wa nyumba ya wagonjwa. Kwa hiyo kila aliyesimama pale kusali aliuelekeza uso wake Makka, na kati yake na Makka, hatua chache tu mbele yake, palikuwa na malazi ya wagonjwa.

Mtu aweza kudhani kuwa waashi walibana nafasi tu. Sivyo. Wazee wetu katika dini, kwa muda wa karne nyingi, waliona kuwa nyumba ya sala na nyumba ya tiba ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mafundi waliochonga mihirabu ndio waliochonga milango ya hospitali, na khati iliyopamba misikiti ndiyo iliyoandikwa juu ya vichwa vya wagonjwa. Yafaa basi kuitazama historia hii kwa makini, kwa sababu ina fahari ndani yake, na pia ina onyo.

Hema ndani ya Msikiti

Asili ya jambo hili haitoki kwa wafalme. Katika Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijriya (627), Saad bin Muadh alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) akaamuru apigiwe hema ndani ya msikiti wa Madina, ili awe karibu naye apate kumzuru. Waandishi wa sira humtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye alikuwa na hema msikitini humo, akiwauguza majeruhi kwa kutaraji malipo kwa Mola wake. Saad hakupona, alifariki kwa jeraha lile baada ya muda mchache. Lakini mfano ulikwisha wekwa, nao ni kwamba mgonjwa hatupwi nje ya mji, wala hafichwi, bali huwekwa pale ambapo watu hukutana na Mola wao.

Waislamu walipoenea katika nchi za Uajemi, Iraki na Sham, walikuta elimu kubwa ya tiba, wakaichukua, wakaifasiri na kuiongeza. Wakachukua na jina. Neno bimaristani ni la Kiajemi. Bimari ni mgonjwa, na mwisho wa neno maana yake ni mahali. Watu wa kawaida wakalifupisha, wakasema maristani. Mwaka wa 982, Adud al-Dawla alifungua maristani mashuhuri katika mji wa Baghdad, upande wa magharibi wa mto Dijla, akaweka matabibu wengi wa kila fani. Katika hospitali za zamani hizo matabibu Wakristo walitibu pamoja na Waislamu, kwani elimu iliyotafutwa ilikuwa ni ile iondoayo maumivu, na kila aliyekuwa nayo alitukuzwa.

Dameski: Mlango Wenye Sega la Nyuki

Katika mwaka wa 1154 (549 Hijriya), Nur al-Din Mahmud bin Zengi aliingia Dameski. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kujenga maristani ambayo mpaka leo yasimama, nayo huitwa kwa jina lake, Maristani ya Nuri.

Anayesimama mbele ya mlango wake huona jiwe la kale la Kirumi, lenye mapambo ya watu waliotangulia, limewekwa juu ya kizingiti. Juu yake pameinuka mapambo yaitwayo mukarnasi, ambayo ni vijumba vidogo vidogo vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kila kimoja kimekishika chenzake, mithili ya sega la nyuki. Ndani ya mlango iko kuba iliyojengwa kwa namna hiyo hiyo, na mwanga hupenya humo kwa upole. Mgonjwa aliyeletwa kutoka katika jua kali la mjini aliingizwa chini ya kuba hiyo kwanza, kabla ya kumwona tabibu. Kisha alipita katika ua ulio na birika la maji katikati, na mabaraza makubwa manne yaliyo wazi kuuelekea ua.

Ndani ya maristani hayo ziliandikwa aya za Qurani Tukufu zinazotaja shifaa. Aliyelala ubavu alizisoma, na asiyejua kusoma aliziona, akajua kuwa mahali pale si mahali pa kukatiwa tamaa. Sanaa hii haikuwa pambo la kuwafurahisha wapitao njia. Ilikusudiwa kumwambia mgonjwa kwamba tabibu ni sababu tu, na kwamba Mwenye kuponya yu karibu naye kuliko tabibu. Tena ilimwambia tabibu maneno hayo hayo, ili asijivune.

Pamoja na mapambo, palikuwa na utaratibu. Msafiri Ibn Jubayr wa Andalusia alifika Dameski mwaka wa 1184 (580 Hijriya), akaandika aliyoyaona. Wasimamizi walikuwa na madaftari yenye majina ya wagonjwa, na matumizi ya kila mmoja ya dawa na chakula. Matabibu walikuja asubuhi kila siku, wakawaangalia wagonjwa mmoja mmoja, wakaamuru kila mtu atengenezewe dawa na chakula kinachomfaa. Wenye maradhi ya akili nao walikuwa na sehemu yao na matibabu yao. Lakini Ibn Jubayr hakuficha kuwa walifungwa minyororo. Hata hivyo aliyahesabu maristani kuwa ni miongoni mwa fahari kubwa za Uislamu.

Ibn Abi Usaybi'a, tabibu na mwanahistoria aliyefariki mwaka wa 1270, ameeleza habari za mkubwa wa kwanza wa maristani hayo, Abu al-Majd bin Abi al-Hakam. Mtu huyu alikuwa tabibu, na pia alikuwa mjuzi wa muziki na mpigaji wa udi. Akimaliza kuwazungukia wagonjwa, alikwenda kuketi katika baraza kubwa lililotandikwa. Nur al-Din alikuwa ameweka wakfu vitabu vya tiba, navyo vilihifadhiwa katika makabati mawili ndani ya baraza hilo. Basi matabibu na wanafunzi walikaa mbele yake, wakadurusu na kujadiliana kwa muda wa saa tatu. Hivyo hospitali ile ilikuwa chuo pia, na aliyekuwa akifundisha alikuwa ametoka sasa hivi tu kwenye vitanda vya wagonjwa.

Liko na simulizi moja ambalo watu wa Sham wamelipenda. Khalil bin Shahin al-Zahiri, aliyefika Dameski mwaka wa 831 Hijriya (1427 hadi 1428), amesimulia juu ya mtu wa Uajemi aliyeingia katika maristani hayo. Alipoona vyakula vizuri, kuku na vinywaji vitamu, akajifanya mgonjwa. Tabibu akampima mshipa, akatambua mara moja kuwa hana ugonjwa wowote ila hamu ya kula. Hakumfedhehesha. Alimwandikia vyakula bora kwa siku tatu. Siku ya nne alimletea waraka ulioandikwa kwamba ugeni ni siku tatu, na siku zake zimekwisha. Yule mtu akaelewa, akaenda zake. Hospitali iliyoweza kumtendea hivyo mtu mzima aliyejisingizia ugonjwa, ilimtendeaje basi mgonjwa wa kweli!

Tasa la Shifaa na Kombe

Sanaa ya tiba haikuishia katika kuta. Katika karne hiyo ya 12 mafundi wa Sham walianza kutengeneza mabakuli ya madini yaliyochorwa aya za Qurani, dua, na sura za wadudu na wanyama wenye kudhuru, kama nge, nyoka na mbwa. La kale kuliko yote yanayojulikana lina jina la Nur al-Din mwenyewe, na tarehe ya mwaka wa 565 Hijriya (1169 hadi 1170). Pembezoni mwa mabakuli haya huandikwa kazi yake: kumfaa aliyeumwa na nyoka au nge, au aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, au mwanamke aliye katika uchungu mgumu wa kuzaa, au mwenye msokoto wa tumbo. Maji hutiwa ndani, na mgonjwa huyanywa.

Waarabu huliita bakuli la namna hii tasa, neno ambalo Waswahili wanalo majumbani mwao. Wala si neno tu. Tangu pwani ya Lamu, Mombasa na Unguja mpaka miji ya bara ambako Uislamu ulifikishwa na misafara, watu wanajua kombe: sahani nyeupe inayoandikwa aya kwa wino wa zafarani, ikasuuzwa kwa maji, na mgonjwa akapewa anywe. Fundi wa Dameski aliandika katika shaba kwa chuma, na mwalimu wa Pwani akaandika katika sahani kwa kalamu. Lakini imani iliyowaongoza ni moja. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya mambo haya, wako walioyaruhusu kwa masharti na wako walioyakataza. Lakini mwanahistoria haachi kuona jambo moja, nalo ni kwamba Nur al-Din ambaye jina lake limechorwa katika tasa ndiye huyo huyo aliyejenga maristani, akaajiri matabibu na kuwanunulia vitabu. Dua kwake haikuwa sababu ya kuacha dawa, wala dawa haikuwa sababu ya kuacha dua.

Divriği: Kazi ya Bibi Turan Malik

Sasa na turudi katika milima ya Anatolia. Divriği ulikuwa mji wa watawala wadogo wa ukoo wa Mengujek. Msikiti ulijengwa na Amiri Ahmad Shah. Hospitali ilijengwa na Bibi Turan Malik, binti wa Fakhr al-Din Bahramshah, mtawala wa Erzincan. Jina la mwanamke huyu limo katika maandishi ya mawe pale mlangoni, na mpaka leo mpitaji hulisoma. Si yeye peke yake miongoni mwa wanawake. Katika mji wa Kayseri, huko huko Anatolia, iko hospitali pamoja na chuo cha tiba vilivyojengwa mwaka wa 1206 kwa jina la Gevher Nesibe, binti wa mfalme wa Kiseljuki.

Fundi aliyesimamia kazi ya Divriği aliandika jina lake pia: Khurramshah, wa mji wa Akhlat, ulio kando ya ziwa Van. Milango aliyoijenga haifanani hata mmoja na mwenzake. Katika mlango wa kaskazini wa msikiti, majani na maua ya mawe yamechongwa kwa kina kirefu hata yaonekana kama yanataka kuruka kutoka ukutani. Katika mlango wa magharibi nakshi zimetandazwa kama zulia, na pembeni amechongwa tai mwenye vichwa viwili. Mlango wa hospitali nao ni mrefu na mpana kuupita ulivyohitajiwa na nyumba ya wagonjwa wa mji mdogo. Aliyeujenga hakusema, hawa ni maskini na wenye maradhi, mlango wowote utawatosha. Aliwapa mlango kama wa wafalme.

Ndani, mwanga huteremka kutoka juu katikati ya ukumbi, na chini yake pana birika la maji lenye mfereji uliochongwa kwa kuzunguka-zunguka. Vyumba viko pembeni, na kimojawapo kina makaburi. Kwa hiyo katika jengo moja yalikutana mambo matatu ambayo mwanadamu hawezi kuyakimbia: kumwabudu Mola wake, kuugua na kufa. Mwaka wa 1985 shirika la UNESCO liliutia msikiti huo na hospitali yake katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Ni vyema kutaja hapa kwamba mataifa mengine nayo yaliileta sanaa ya dini yao karibu na kitanda cha mgonjwa, ila kwa njia nyingine. Huko Isenheim, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, watawa wa Kikristo waliwauguza watu wenye maradhi yaliyoitwa moto wa Mtakatifu Antonio. Maradhi hayo yaliunguza viungo mpaka vikaoza, nayo yalitokana na kuvu inayoota katika nafaka za mkate. Kati ya miaka ya 1512 na 1516 hivi, mchoraji Grünewald aliwachorea picha kubwa za madhabahuni. Kwa itikadi yao walimchora Nabii Isa msalabani, mwili wake umejaa majeraha, na katika ubao mwingine mgonjwa mwenye tumbo lililovimba na vidonda mwili mzima. Mgonjwa alizitazama picha hizo, akaona mateso yake mwenyewe. Picha hizo ziko sasa katika makumbusho ya mji wa Colmar. Sanaa ya Waislamu haikufuata njia hiyo, kwani Manabii hawasawirishwi katika nyumba za ibada. Katika maristani mgonjwa hakuonyeshwa maumivu yake. Alionyeshwa mwanga, maji, majani yasiyonyauka, na maneno ya Mola wake. Njia ni mbili, lakini haja ya mgonjwa ilikuwa moja, nayo ni kutoachwa peke yake.

Kairo: Fahari na Malalamiko

Hospitali ya Dameski ilizaa nyingine kubwa kuliko yenyewe. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri (1364 hadi 1442), amesimulia kwamba Qalawun, alipokuwa bado amiri, aliugua kwa msokoto wa tumbo huko Dameski. Akatibiwa kwa dawa zilizoletwa kutoka Maristani ya Nuri, akapona. Akaenda kuyatazama, yakampendeza, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga kama hayo. Akawa sultani wa Misri, na nadhiri yake akaitimiza. Ujenzi ulianza mwaka wa 683 Hijriya (1284) ukamalizika mwaka uliofuata.

Jengo lake bado lipo katika njia kuu ya Kairo ya kale. Msafiri huona upande mmoja kaburi la sultani lenye marumaru za rangi nyingi na mihirabu ya fahari, na upande wa pili chuo. Kati ya mbili hizo uko ujia mrefu, na mwisho wa ujia huo ndipo yalipokuwa maristani. Mgonjwa basi alipita kati ya kaburi na elimu mpaka akafika penye tiba.

Inasemekana kuwa sultani, siku ya kuyafungua, aliomba bilauri ya kinywaji cha maristani hayo, akakinywa, akatangaza kuwa ameyaweka wakfu kwa mtu aliye mfano wake na aliye chini yake, mfalme na mtumwa, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Wenye homa walikuwa na baraza lao, wenye maradhi ya macho lao, waliopasuliwa lao, wenye kuhara lao, na wanawake mahali pao. Hati ya wakfu iliangalia hata mambo madogo. Mgonjwa apewe kitanda na matandiko. Wakati wa joto apewe upepeo wa ukindu. Chakula chake kiletwe kimefunikwa. Anayeugulia nyumbani kwake apelekewe dawa huko. Aliyekufa aoshwe, avikwe sanda na kuzikwa kwa heshima. Kwa mwaka mmoja mapato ya wakfu huo, kwa maneno ya al-Maqrizi, yalikaribia dirhamu milioni moja. Ibn Battuta aliyaona maristani hayo mwaka wa 1326, akasema kwamba msimuliaji hawezi kuusifia uzuri wake; naye ni yule yule ambaye mwaka wa 1331 alifika Mombasa na Kilwa.

Lakini historia ya kweli haisimulii mema tu. Mahali pale palikuwa kasri ya kale, wakikaa humo mabibi wa ukoo wa kifalme uliotangulia, nao wakatolewa na kupewa kasri nyingine. Msimamizi wa ujenzi, Amiri Sanjar al-Shujai, aliwakusanya mafundi wote wa Kairo na kuwazuia wasimfanyie kazi mtu mwingine yeyote. Akaweka watu njiani, na kila apitaye alilazimishwa kubeba jiwe mpaka kwenye jengo, hata mwenye kupanda farasi alishushwa. Watu wengi wakaacha kupita njia ile. Kazi ikaenda kwa haraka ya ajabu, lakini manung'uniko nayo yakaenea.

Jengo lilipokamilika, likazuka swali ambalo halikuhusu nakshi wala marumaru. Wako wanavyuoni waliouliza: Je, yafaa kusali mahali palipojengwa kwa kuwaonea watu? Baadhi yao wakajizuia wasisali humo. Fikra yao yafahamika. Mawe yaliyobebwa kwa nguvu na mpita njia maskini yalikuwa yamekwisha kuwa ukuta wa nyumba ya rehema. Nani ataweza kuyatenganisha? Maelfu ya watu walipata kupona ndani yake baadaye, na hapana awezaye kulikana jambo hilo. Wala hapana awezaye kukana kuwa dhuluma ile ilikuwa dhuluma, na kwamba wanavyuoni wale, kwa kusema neno lao mbele ya uzuri uliowapofusha wengine, waliihifadhi heshima ya dini kuliko marumaru zote za sultani.

Vitabu vya Ibn al-Nafis

Kama yako malipo yaliyoyatakasa maristani ya Kairo, basi ni watu waliofanya kazi kwa ajili yake. Mkubwa wao ni Ala al-Din Ibn al-Nafis, aliyejifunza tiba katika Dameski kisha akahamia Misri. Alikuwa pia mwanachuoni wa sharia kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika Afrika ya Mashariki. Katika ugonjwa wake wa mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kuwa dawa. Akakataa, akasema hatakutana na Mola wake na tumboni mwake mna mvinyo. Alifariki mwaka wa 1288 (687 Hijriya), akaacha nyumba yake na vitabu vyake wakfu kwa maristani ya Qalawun.

Elimu yake ilisahauliwa kwa miaka mingi. Mwaka wa 1924 kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akiandika risala yake ya udaktari katika chuo kikuu cha Freiburg nchini Ujerumani, alisoma maandishi ya mkono ya Ibn al-Nafis yaliyokuwa Berlin. Humo akakuta imeelezwa waziwazi namna damu itokavyo upande wa kulia wa moyo, ikapita katika mapafu, ikarudi upande wa kushoto. Ulaya haikuwa na maelezo hayo mpaka karne ya 16. Hivyo kazi ya mwanafunzi mmoja ilirudisha haki kwa mwanachuoni aliyekuwa amelala kaburini zaidi ya miaka 600. Tangu hapo watafiti wengi wameifuata njia hiyo, na leo vyuoni wako wanaotafiti si vitabu vya tiba peke yake, bali pia mabakuli, khati na kuta za maristani, wakitafuta kujua mgonjwa wa zamani hizo aliona nini na alifarijiwa na nini.

Kilichobaki

Nyumba hizo zilikuwa na mwisho mbalimbali. Maristani ya Nuri yaliendelea kutibu mpaka karne ya 19, na tangu mwaka wa 1978 yamekuwa makumbusho ya tiba na elimu za Waarabu. Hospitali ya Divriği iligeuzwa madrasa katika karne ya 18. Kairo, Wafaransa walipoingia mwaka wa 1798, waliyakuta maristani ya Qalawun yamechakaa na wagonjwa ni wachache. Lakini mahali pale pale imejengwa baadaye hospitali ya macho, hata tiba haikukatika kabisa.

Sababu ya kuchakaa haikuwa ubovu wa mawe. Mawe yako mpaka leo. Kilichooza kwanza ni amana. Mashamba na maduka ya wakfu yaliliwa na wasimamizi, yakaporwa na wenye nguvu, na katika karne ya 19 mengine yakachukuliwa na serikali. Mapato yalipokoma, tabibu aliondoka, kisha chakula kikapungua, kisha kitanda. Zikabaki aya ukutani, na chini yake hapana mgonjwa wa kuzisoma.

Waislamu wa nchi zetu wanaujua wakfu. Hapana mji usio na shamba, au nyumba ya kupangisha, au duka lililoachwa na mzee kwa ajili ya msikiti. Kila jumuiya ijengapo msikiti hupenda uwe mzuri, na kupenda huko ni kwema. Lakini habari za Dameski, Divriği na Kairo zatufundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kupaka rangi. Je, kiwanja na nguvu za watu zimepatikana kwa haki? Je, hesabu za wakfu ziko wazi, ili anayekuja baada ya miaka 100 akute kisima bado kina maji? Na je, mgonjwa wa mtaa ule, asiye na ndugu wala nauli, yuko wapi katika ramani ya jengo?

Bibi Turan Malik alilijibu swali la tatu kwa jiwe. Alimweka mgonjwa mbele ya wenye kusali, upande wa Kibla, mahali ambapo hawawezi kuinamisha vichwa vyao bila ya kuwa karibu naye.

Wabillahi tawfiq.